Iafoni Zako Si Mbovu, Hazijaziba Sikio

Safari hii naomba tuache kidogo mambo ya ada na viza, tuongelee kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni: vipokea sauti vya masikioni, au kama tunavyoviita wenyewe, iafoni. Naongelea zile za kuingia ndani ya tundu la sikio, zenye kipira laini kwa mbele. Siongelei zile kubwa za kufunika sikio zima, wala zile za plastiki tupu za kuegesha tu mlangoni.

Mimi nasoma uzamili wa uhandisi wa umeme. Naishi Yeoville, na kila siku ya masomo napanda teksi kuja Braamfontein. (Kwa wageni: teksi za hapa siyo zile za kukodi peke yako, ndiyo daladala zetu, ndiyo matatu zetu.) Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, muziki masikioni. Kwa miaka mitatu nilinunua jozi sita za iafoni. Kila jozi malalamiko yalikuwa yale yale: besi hakuna, sauti nyembamba kama ya redio ambayo betri zinakwisha. Kila mara nilifanya wanachofanya watu wengi, yaani nikaongeza sauti mpaka mwisho, na baada ya miezi michache nikanunua nyingine.

Kisha mwaka jana, usiku mmoja wakati wa kuandika ripoti, nikasikia mlio mwembamba chumbani. Nilizima kompyuta, mlio upo. Nikachomoa friji, upo. Nikatoka nje koridoni, upo. Aisee, ndipo nilipoelewa kwamba mlio ule haukuwa chumbani, ulikuwa kichwani mwangu.

Nilikwenda kupimwa. Mama aliyenipima aliniweka kwenye kijumba kisichopitisha sauti, akanipa kitufe cha kubonyeza kila ninaposikia mlio. Matokeo yalionyesha kwamba usikivu wangu ni mzuri isipokuwa pale karibu na hezi 4000, ambapo mchoro ulishuka kama shimo dogo barabarani. Shimo la namna ile ni alama inayojulikana ya masikio yaliyoumizwa na kelele. Nilidhani ataniuliza nasikiliza muziki gani. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Unasikilizia wapi?" Nikamjibu, kwenye teksi. Akatikisa kichwa, akasema hao wa kwenye teksi ndio wateja wake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba somo lile nilikuwa nimeshapewa bure. Tulipokuwa tukisoma, tulipelekwa kuona mgodi mmoja wa dhahabu. Kabla ya kushuka, mzee mmoja wa usalama alitugawia vizibo vya sponji vya masikioni na kutufundisha namna ya kuvivaa: viringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia mpaka sponji itanuke. Sisi wasomi tulicheka. Nilikiweka changu juu juu tu, nikaona kelele ziko pale pale, nikasema vizibo hivi havifai kitu. Sikio la kufa halisikii dawa! Kumbe iafoni zangu zote sita nilizivaa vile vile, juu juu tu.

KWA NINI KUZIBA NI JAMBO LA KWANZA

Hebu tuangalie sayansi yake, siyo ngumu. Tundu la sikio lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na mwisho wake kuna ngoma ya sikio. Iafoni ikiziba mlango wa tundu hilo, ndani inabaki hewa kidogo sana. Kiwambo cha iafoni kikisogea mbele, hewa ile inabanwa. Kikirudi nyuma, inalegea. Kule kubanwa na kulegea ndiko ngoma ya sikio inakokusikia kama sauti.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole halafu sukuma: utasikia nguvu inagonga kidole. Sasa acha upenyo mdogo. Ukisukuma polepole, hewa yote inatoka pembeni, nguvu hakuna. Ukisukuma kwa kasi sana, hewa haipati muda wa kutoka, kwa hiyo nguvu kidogo inabaki. Basi sikioni ni hivyo hivyo. Sauti za besi ni misukumo ya polepole, mara 40, 60 au 100 kwa sekunde. Kipira kikiacha upenyo mwembamba tu, besi inavuja nje. Sauti nyembamba, za maelfu ya misukumo kwa sekunde, zinafika ngomani kama kawaida. Ndiyo maana unasikia matoazi yanachoma na besi haipo, halafu unailaumu iafoni.

Upenyo ule ule unaotoa besi nje ndio unaoingiza kelele ndani. Ngurumo ya injini, ambayo nayo ni sauti nzito, inaingia bila hodi na kufunika hata ile besi kidogo iliyobaki. Kwa hiyo unapoteza mara mbili.

Hata zile iafoni za kisasa zisizo na waya, zinazofuta kelele kwa umeme, hazijaepuka jambo hili. Kipira kikilegea, ufutaji wa kelele nao unalegea.

JINSI YA KUJIPIMA

Usinunue chochote kwanza. Chukua iafoni ulizonazo, fanya hivi:

1. Weka wimbo wenye besi unayoifahamu vizuri. Hapa Joburg huna haja ya kutafuta mbali, amapiano yoyote itafaa: ile ngoma yake nzito ya kielektroniki, ambayo wenyewe wanaiita log drum, ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Kama wewe ni mtu wa taarab, tafuta kundi lenye lile gitaa kubwa la besi la kusimamisha, usikilize kama kila noti yake inasikika au zinapotea.

2. Vaa kama alivyofundisha mzee wa mgodini. Mkono wa kushoto upite juu ya kichwa, uvute sikio la kulia kwenda juu na nyuma, ili lile tundu lililopinda linyooke. Ingiza iafoni huku ukiizungusha kidogo. Achia sikio. Kisha upande wa pili.

3. Bonyeza iafoni taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Kama besi inaongezeka ghafla unapobonyeza, ujue ilikuwa inavuja. Kama haibadiliki, umeziba.

4. Fungua na ufunge mdomo, kama unatafuna. Taya likitembea, tundu la sikio nalo hubadilika umbo. Kama besi inakuja na kuondoka, kipira hicho ni kidogo kwako.

5. Ongea. Ukisikia sauti yako inavuma kichwani kama uko ndani ya pipa, hongera, umeziba vizuri. Utasikia hata hatua zako mwenyewe ukitembea. Hiyo ni kawaida.

Pima kila sikio peke yake. Watu wengi hawajui kwamba masikio yao mawili hayalingani. Mimi sikio la kushoto linataka kipira kikubwa na la kulia cha kati. Miaka mitatu nilivaa cha kati pande zote mbili!

VIPIRA

Kwenye boksi la iafoni huwa mnakuja vipira vya saizi tatu: kidogo, cha kati na kikubwa. Wengi wetu tunatumia kile kilichokuja kimeshavalishwa, vile vingine vinatupwa pamoja na boksi. Usitupe. Vijaribu vyote, na hasa ujaribu kikubwa kuliko unachodhani kinakutosha.

Vipira vya mpira laini wa silikoni vinadumu na kuoshwa kirahisi. Vya sponji vinaziba vizuri zaidi na kuzuia kelele zaidi, kwa sababu vinatanuka na kufuata umbo la sikio lako. Ubaya wake ni kwamba vinachakaa upesi, na vinapunguza kidogo ukali wa sauti za juu. Kwa wengine hiyo ni faida. Vyote viwili vinauzwa pekee, bila iafoni. Kabla ya kununua, angalia upana wa ule mdomo wa iafoni ambao kipira kinavalishwa, maana havilingani.

Kwangu mimi pakiti moja ya vipira vya sponji ilifanya kazi ambayo jozi sita hazikuifanya. Niliivalisha ile jozi ya bei rahisi kuliko zote, iliyokuwa imelala kwenye droo. Nilipoisikiliza nilikaa kimya, kisha nikapiga hesabu ya pesa nilizozipoteza.

HESABU YA DESIBELI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano walitoa kiwango kwa ajili ya vyombo vya kusikilizia muziki. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Desibeli haziendi kama randi. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, kwa hiyo muda unaoruhusiwa unakatwa nusu. Desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu, 95 ni saa moja na robo tu. Kwa wiki nzima!

Tuchukue safari zangu: saa moja kwa siku, siku tano, jumla saa 5. Tuseme ndani ya teksi kelele ni desibeli 80, na mimi napenda muziki uipite kelele kwa desibeli 15 ili niusikie vizuri. Iafoni ikiwa haijaziba, nitaupeleka muziki mpaka 95. Fungu langu la wiki litakuwa limekwisha Jumanne asubuhi, robo saa baada ya kupanda teksi.

Sasa nizibe. Tuseme kipira kinapunguza kelele kwa desibeli 20. Kelele sikioni inabaki 60, muziki kwa ile tofauti yangu ya 15 unakuwa 75. Nausikia vizuri kama kule kwenye 95, na niko chini ya mpaka hata nikisikiliza kila siku. Ndugu zangu, sijui njia nyingine ya kuongeza ubora wa sauti ambayo wakati huo huo inalinda sikio namna hii.

Watu wa mji huu walipaswa kulijua hili kuliko wengine. Johannesburg ilijengwa juu ya dhahabu, na mashine za kutoboa mwamba zimeua masikio ya wachimbaji wengi, wakiwemo waliotoka Msumbiji, Malawi na Lesotho. Kazini sheria ya hapa inahesabu desibeli 85 kwa siku ya saa 8 kuwa mpaka wa hatari, na sekta ya migodi ilijiwekea lengo kwamba ifikapo Desemba 2024 mashine yoyote isizidi desibeli 107. Mchimbaji hakuichagua kelele yake. Sisi tunailipia.

Seli ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti, zikifa kwa binadamu hazioti tena. Ule mlio wangu bado upo. Siku hizi ni mdogo, mchana siusikii, lakini usiku kukitulia unakuja. Nimeuzoea kama mtu anavyomzoea mpangaji asiyelipa.

UKITAKA KUNUNUA

Baada ya kupima, pengine utagundua kwamba kweli unahitaji mpya. Zingatia haya:

Kwanza, umbo na wepesi. Iafoni nzito huvuta kipira nje. Zile ambazo waya wake unapita juu ya sikio zinakaa vizuri, na pia ule mgongano wa waya na nguo hausikiki sana. Ukiwa na za kawaida, jaribu tu kuugeuza waya upite juu ya sikio, mara nyingi inawezekana.

Pili, aina ya injini iliyo ndani. Nyingi zina kiwambo kinachosukumwa na koili na sumaku, kama spika ndogo. Hizi ni rahisi na zinatoa besi nzuri. Nyingine zina kijichuma kinachotikisika kati ya sumaku, teknolojia iliyotoka kwenye vifaa vya viziwi. Kampuni ya Marekani ya Etymotic ilitumia aina hiyo kwenye ER-4 ya mwaka 1991, iliyoingia ndani sana sikioni na kuwa mfano kwa waliofuata. Lakini idadi ya injini siyo ubora. Iafoni yenye injini moja iliyopangwa vizuri inaishinda yenye nne zilizopangwa hovyo.

Tatu, ukinzani wake. Kwa simu na vichezeo vidogo vya muziki, kati ya omu 16 na 32 panatosha. Zile za omu nyingi zinaweza kuhitaji kikuza sauti, ambacho huna haja nacho kwenye teksi. Kumbuka pia kwamba simu nyingi siku hizi hazina tundu la jeki, tangu iPhone 7 ilipoliondoa mwaka 2016. Kama ya kwako haina, weka bei ya adapta kwenye bajeti.

Nne, ukijaribisha dukani, linganisha kwa sauti iliyo sawa. Sikio la binadamu huona chenye sauti kubwa zaidi ndicho kizuri zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo. Muuzaji akikupandishia sauti, ishushe mwenyewe. Na nenda na vipira vyako, kwa usafi na kwa haki.

KUREKEBISHA ULIZONAZO

Anza na usafi. Upande mmoja ukiwa na sauti ndogo, mara nyingi iafoni haijaharibika, ni nta ya sikio imeziba wavu. Toa kipira, kioshe kwa maji na sabuni, kikauke kabisa. Wavu usugue kwa mswaki laini mkavu, mdomo wa iafoni ukiangalia chini ili uchafu udondoke nje. Usitumbukize sindano. Na sikio lenyewe usilichokonoe na vijiti vya pamba, maana vinaisukuma nta ndani zaidi. Kuazimana iafoni nako tuache, jamani, hata na mpenzi.

Kama sauti za juu zinachoma, kata kipande kidogo cha ile plasta ya karatasi inayouzwa duka la dawa, bandika kufunika nusu ya wavu, sikiliza. Ikizidi kupooza, punguza. Ikikataa, unabandua tu. Lakini yale matundu madogo mgongoni mwa iafoni usiyazibe hovyo. Yanakipa kiwambo hewa, na sauti inaweza kubadilika usivyotaka.

Ikwaliza ya kwenye simu ni nzuri, ila tumia kupunguza, usitumie kuongeza. Ukitaka besi zaidi, shusha kidogo zile nyingine. Ukipandisha kila kitu, muziki unaanza kukwaruza. Na usiguse ikwaliza kabla hujaziba, maana utakuwa unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Faili nalo liangaliwe. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde unapoteza vitu kwenye matoazi na makofi. Wa 256 au 320 unatosha kabisa kwa matumizi yetu. Lakini rekodi za zamani za Mbaraka Mwinshehe usitarajie zitoe besi ya amapiano. Hazikurekodiwa hivyo, na utamu wake uko kwenye magitaa na sauti.

Ile habari ya kuziacha iafoni zipige usiku kucha ili "ziivae", usiihangaikie. Mara nyingi kinachoiva ni sikio lako kuzoea.

TAHADHARI YA MWISHO

Ukiziba vizuri husikii honi, na dereva wa teksi wa Joburg hangoji. Kwenye kuvuka barabara toa iafoni zote mbili. Usiku mtaani usivae kabisa. Unahitaji kusikia nani yuko nyuma yako. Iafoni ni za ndani ya gari, maktaba na kitandani.

Basi ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa tena, tafuta lile boksi la zamani na vile vipira ulivyovidharau. Vuta sikio juu na nyuma, ziba, halafu shusha sauti mpaka uone ajabu jinsi muziki unavyosikika ukiwa mdogo. Na ukitoa iafoni ukasikia mlio usioondoka hadi kesho yake, usingoje kama mimi, nenda ukapimwe. Nawatakia mitihani mema.